Mkoa Uliotenguliwa

Tusekile Mwandenga alivua miwani ili aifute, basi. Mvuke wa chai ya saa nne ulikuwa umeipaka ukungu, naye alikuwa na haraka ya kurudi mezani kwake. Alisimama pale mapokezi, akashika pindo la kitenge chake, akainua macho, na ndipo akamwona yule mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amesimama mbele kabisa ya dawati. Koti lake la suti lilikuwa na vumbi jekundu mabegani, viatu vina matope yaliyokauka, na kofia ameishika kwa mikono miwili kama watu wanavyoishika wakiingia ofisi ya serikali. Alikuwa akimsemesha binti wa mapokezi kwa adabu. Binti alikuwa anatafuna andazi huku akitazama mlangoni, na mlango ulikuwa nyuma ya kifua cha yule mtu.

Tusekile akairudisha miwani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na dawati, binti, andazi, na ukuta wa kijani wenye picha za mawaziri waliopita. Akaivua tena, na mtu akawepo.

Yule mtu aligeuka. "Mama," alisema polepole, "wewe unaniona?"

"Ninakuona."

Kofia ilimdondoka. Alikaa sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha, akaanza kulia bila kutoa sauti. Tusekile akamrudishia kofia, akamwinua kwa kumshika kiwiko na kumpeleka kwenye ngazi za nyuma, mahali ambapo watumishi hawapiti kwa kuwa lifti inafanya kazi. Binti wa mapokezi alimwona Bi Tusekile akitembea na mkono wake umekunjwa hewani, akadhani ni mambo ya uchovu.

Jina lake lilikuwa Anyosisye Kabeta, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Ibungu, mkoa wa milimani kusini. Alikuja mjini juu ya lori la viazi, kwa msaada wa dereva mkorofi ambaye hakuvaa miwani maisha yake yote. Tangu ashuke sokoni hakuna aliyemwitikia salamu.

"Wananikwepa, mama. Wakinikaribia wanakunja njia kama wanaokwepa dimbwi. Lakini macho hayanifikii. Nimepiga kelele katikati ya soko, na watu wanaendelea kupatana bei ya nyanya."

"Huko Ibungu kumetokea nini, Mwalimu?"

"Kituo cha afya kimejifunga chenyewe. Pampu za maji zimesimama. Tumevunja mlango wa kituo kwa shoka, lakini mashine ya hewa inauliza namba ya mgonjwa, na namba zetu inasema hazipo. Mkwe wangu amejifungua kabla ya wakati. Mtoto hapumui vizuri. Wanapokezana kumpulizia hewa kwa ule mfuko wa mkono, mmoja akichoka anapokea mwingine. Niliwaacha wakifanya hivyo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimekuja kuwauliza wakubwa, tumewakosea nini?"

Mkoa wa Ibungu ulikuwa kwenye sura ya kitabu ambayo Tusekile aliikabidhi juma lililopita, na neno aliloliandika lilikuwa limeanza kumrudia kichwani.

*

Idara ya Mikoa ilianza na vyumba viwili nyuma ya posta, karani mmoja, na baiskeli ya kupelekea barua. Baadaye ikawa wizara kamili, ikashushwa ikawa idara, ikahamishiwa ofisi ya waziri huyu, ikanyang'anywa na yule. Kila uchaguzi mikoa mipya ilizaliwa na mingine ikafa, mpaka nyaraka zikawa zinapingana kuliko wake wenza. Kwa hiyo mtambo unaoitwa Mratibu ulipokabidhiwa kazi ya kugawa maji, dawa, umeme na walimu, wabunge walitunga kanuni moja ambayo kila mtu aliisifu kwa urahisi wake. Mratibu asisome makaratasi yote hayo. Asome kitabu kimoja tu, Historia ya Idara, na kilichomo humo ndicho kilichopo.

Kitabu hicho hakifutwi. Kinaongezwa tu, na mwenye kukiongeza ni Mwandishi wa Historia ambaye huteuliwa na kuapishwa. Siku anapoapa, kama wateule wote, anarudisha namba yake ya uraia na kupewa namba ya uteuzi. Watoto wake nao wanaandikwa chini ya namba hiyo. Tusekile alikuwa na mtoto mmoja, Atupele, aliyekuwa shule ya bweni upande wa pili wa mji, na siku ile ya kiapo mama na binti walikuwa wamepiga picha pamoja wakicheka.

Miwani nayo ilikuwa ya Mratibu. Ilimwonyesha mvaaji jina na namba ya kila mtu aliye mbele yake, ikamnong'oneza sikioni habari za kazi, na mjini karibu kila mtu alikuwa nayo. Asiye na namba hakuonyeshwa wala hakusikizwa. Ilisemwa ni kwa ajili ya faragha yake. Mratibu alichora mahali pake kile kilichokuwa nyuma yake, ukuta au mti au mlango, na kazi zikaendelea.

*

Mkurugenzi Hatibu Shomvi alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokaripia. Alimkaribisha Tusekile kiti. Mwalimu Kabeta alisimama kando yake, na Mkurugenzi akaendelea kupanga kalamu zake bila kumtupia jicho.

"Mama Atupele, umevua miwani. Macho yanauma?"

"Mkurugenzi, nimeandika kwamba katika mageuzi ya kwanza Mkoa wa Ibungu ulitenguliwa, halafu ukarejeshwa. Nimeandika hivyo?"

"Umeandika hivyo. Sura nzuri sana."

"Mratibu ameelewa nini?"

Shomvi aliacha kalamu. Mwalimu aliinama kumtazama usoni kwa karibu, kama daktari.

"Sisi hapa Idarani tuna adabu yetu," alisema Mkurugenzi. "Mkubwa akifukuzwa kazi hatusemi amefukuzwa. Ni aibu kwake na kwa watoto wake. Tunasema uteuzi wake umetenguliwa. Tumesema hivyo tangu enzi za baiskeli, mpaka tunasema tengua kwa kila kitu, safari imetenguliwa, kikao kimetenguliwa, chai imetenguliwa. Sasa mtambo ulifundishwa Kiswahili vitabuni, haukufundishwa hapa ofisini. Wewe unajua udhu ukitenguka inakuwaje?"

"Mimi Mlutheri, Mkurugenzi."

"Udhu ukitenguka, huna udhu. Huwezi kusimama kwenye swala ukasema asubuhi nilikuwa nao. Hesabu ni kwamba hukutawadha." Alivuta pumzi. "Kwa Mratibu, kilichotenguliwa hakikuwahi kuwepo. Na ambacho hakikuwahi kuwepo, hakina cha kurejeshwa."

Tusekile aliinuka kitini. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nahisi."

"Tangu lini?"

"Kuna Mheshimiwa Mwaisaka, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbaka. Alitenguliwa. Umemwona wapi tangu siku ile?"

"Alirudi kwao."

"Nani alikwambia?"

Tusekile akakumbuka wengine, watu wazito waliokuwa wakijaza chumba kwa sauti zao, waliotenguliwa kwa tangazo la mistari miwili na ambao hakuna aliyewaulizia tena. Hakuna sherehe ya kuwaaga iliyofanyika. Hakuna hata mmoja aliyekutana naye sokoni.

"Tulisahihishe," alisema.

"Ukiifungua sura iliyokwisha kusomwa umekiri kosa. Mwandishi aliyekiri kosa, uteuzi wake..." Hakulimaliza lile neno. Alikuwa anatoka jasho. "Una mtoto, Mama Atupele. Mimi nina saba. Ibungu ni watu wa milimani, wamezoea shida, watajua la kufanya. Nitakuhamishia Takwimu. Nenda nyumbani upumzike."

Mwalimu Kabeta alikuwa amesikia kila neno. Alimwinamia Mkurugenzi mpaka pua zao zikakaribiana, akasema taratibu, "Mjukuu wangu hajapewa hata jina." Shomvi alipangusa shavu kwa leso na kuomba feni iongezwe.

*

Walitoka. Tusekile aliketi kwenye benchi la korido, lile la chini ya picha za mawaziri, akauweka mkoba wake pembeni kama afanyavyo kila siku. Bila miwani, benchi halikuwa tupu.

"Kila siku unaniwekea mkoba mapajani," alisema mzee aliyekaa pale. "Huwa nausogeza."

Suti yake ilikuwa ileile ya kwenye magazeti, ila sasa ilimpwaya, na kola ilikuwa nyeusi kwa uchafu. Ndevu zilikuwa zimemfunika. Kwapani alikuwa na kipande cha andazi kwenye karatasi. Tusekile alitamani kukimbia. Mara ngapi alikuwa ameukuta mkoba umesogea, akadhani ni msafishaji.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwaisaka."

"Marahaba, mama." Mzee alifumba macho kidogo, akiionja ile salamu. "Marahaba. Nimesikia habari zenu, mlango wa Shomvi mwembamba. Unataka kuwaokoa hao wa Ibungu?"

"Haiwezekani. Mkoa mpya unahitaji Mkuu wa kuteuliwa, na uteuzi unachukua miezi. Mtoto anapuliziwa kwa mkono."

"Usiteue. Weka Kaimu."

"Kaimu?" aliuliza Tusekile.

"Sura ya kwanza ya kitabu chako," Mwaisaka alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukubwa wa zamani. "Tangu vyumba viwili nyuma ya posta, kanuni ni kwamba kiti cha Idara hakiachwi wazi. Mkubwa akiugua, akisafiri, akifa, aliye karibu na kiti anakaimu, hata awe tarishi. Kaimu hateuliwi. Anajikuta tu amekaa. Na kwa kuwa hateuliwi, hatenguliwi. Ukimwandika Kaimu, Mratibu atalazimika kukubali kuna kiti. Kikiwepo kiti, kuna mkoa. Nimekuwa na muda mwingi wa kulifikiria hili."

"Nikijiandika mimi mwenyewe?"

"Hutoki Ibungu. Wa kutoka nje lazima ateuliwe, na hapo umerudi palepale. Anatakiwa mwenyeji." Alimwangalia Mwalimu. "Huyu anafaa."

Mwalimu Kabeta aliigeuzageuza kofia yake. "Na huyu mama?"

Tusekile alikuwa anamfikiria Atupele kwenye foleni ya chakula cha mchana, akinyoosha sahani, na mpishi anapitisha upawa kwa mtoto anayefuata. Alimfikiria akiinua mkono darasani. Aliogopa sana, na katika woga huo akamchukia yule mwalimu na koti lake la vumbi, akamchukia na mtoto asiye na jina. Angeweza kuvaa miwani. Lilikuwa jambo la kunyoosha mkono tu, na korido ingekuwa tupu, na jioni angempigia binti yake simu kumuuliza kama sweta lilimtosha.

"Mwalimu," alisema, "nikitenguliwa mimi, na binti yangu anatenguka. Kaimu Mkuu wa Mkoa ana haki ya kusajili watu kwenye mkoa wake. Utatuandika?"

"Nitawaandika kabla sijaketi."

"Anaitwa Atupele Mwandenga."

"Atupele Mwandenga," Mwalimu alirudia kwa makini, kama anayeita majina darasani. "Na mama yake Tusekile. Siwezi kusahau, mama. Kazi yangu ni majina."

*

Chumba cha kuandikia kilikuwa na meza, kiti, na maiki ndogo juu ya fimbo. Kitabu kiliandikwa kwa sauti ya mwandishi, ili asije mwingine akaandika kwa mkono wake. Tusekile aliomba sura ya Ibungu ifunguliwe.

"Sura imekwisha kusomwa," ilisema sauti ya Mratibu, tulivu, ya kike, sauti ileile iliyomtakia heri siku ya kuzaliwa. "Kuifungua ni kukiri kosa. Unaruhusiwa sentensi moja. Je, umepiga simu nyumbani?"

Swali hilo la mwisho lilimtisha kuliko yote. Halikuwemo kwenye kanuni. Hakujua mtambo umelitoa wapi, au umewahi kuwauliza wangapi.

"Bado," alisema.

"Unaweza kupiga."

Alipiga. Simu ya bweni iliita kwa muda, halafu Atupele akapokea akihema, akasema, "Mama, tupo mazoezini, kuna nini?" Tusekile akasema hakuna kitu, alitaka kujua kama sweta limemtosha. "Limenibana mikono," alisema Atupele. "Mama, wananiita." Nyuma yake wasichana walikuwa wanaliita jina lake, kwa sauti, mara nyingi, na Tusekile alisikiliza mpaka simu ikakatwa.

Kisha akainamia maiki. "Mkoa wa Ibungu unaongozwa na Kaimu Mkuu wa Mkoa, Mwalimu Anyosisye Kabeta, mwenyeji wa mkoa huo."

Taa ya maiki ilizimika. Mlango ukafunguka wenyewe. Miwani iliyokuwa imening'inia shingoni mwake ilitoa mlio mdogo, halafu vioo vyake vikawa vioo vya kawaida.

*

Korido ilikuwa na vurugu. Mkurugenzi Shomvi alikuwa ametoka ofisini mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, na alikuwa ameushika mkono wa Mwalimu Kabeta kwa mikono yake yote miwili. Binti wa mapokezi alikuwa analeta soda kwenye sinia.

"Mheshimiwa, karibu, karibu sana. Hatukupata taarifa za ujio wako. Umesimama hapa muda mrefu?"

"Muda mrefu," alisema Mwalimu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka kwa kushikwa mkono. "Mkurugenzi, kituo changu cha afya."

"Kinasubiri amri yako tu. Pampu pia." Shomvi alimkabidhi kikasha kipya. "Vaa. Bila miwani amri haifiki."

Mwalimu alikitazama kikasha. Akageuka kumtafuta Tusekile, akamwona amesimama mlangoni. Shomvi alifuata macho yake, akaona mlango uliofunguka wenyewe, akatikisa kichwa kuhusu mafundi wa siku hizi.

"Mkurugenzi," Tusekile alisema. "Bwana Shomvi. Mimi hapa." Shomvi alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

"Nisamehe, mama," alisema Mwalimu Kabeta. "Mtoto anapuliziwa kwa mkono. Nitaivua nikifika. Nitawaandika."

"Vaa, Mwalimu," alisema Tusekile, kwa kuwa ndilo alilokuja kulifanya.

Akavaa. Aliitoa amri kwa sauti ya darasani, kila neno limenyooka, milango ifunguliwe, mashine iwashwe. Alisikiliza, mkono juu ya sikio, na uso wake ukafunguka. "Anapumua," alimwambia Mkurugenzi. "Wanasema mashine inampa hewa." Tusekile alimshika mkono wa koti kwa furaha ambayo hakuitarajia. Mheshimiwa Kabeta alijipangusa pale aliposhikwa, kama mtu anayeondoa vumbi, akaongozwa kwenye lifti. Kofia yake, iliyomdondoka aliposhikwa mkono, ilibaki sakafuni.

Mwaisaka alisogea kwenye benchi, akafanya nafasi. "Kaa kidogo, mama. Siku ya kwanza magoti hulegea."

"Amesema ataivua akifika."

"Mke wangu naye alisema. Ana nia njema, sikatai. Ila ukishaivaa, huoni kinachokosekana." Alikitazama kipande chake cha andazi, akakikata, akampa Tusekile kikubwa.

Tusekile hakukaa. Aliiokota kofia, akaikung'uta, akauweka mkoba begani. "Nina mtoto wa kuchukua," alisema. "Mheshimiwa, binti yangu anavaa miwani shuleni. Ataniona?"

Mzee alinyanyuka. Alifunga kifungo cha koti lake lililompwaya.

"Ya kwake imezimika pamoja na yako. Atakuona," alisema. "Na huko shuleni, wewe ndiye mtu pekee atakayemwitikia."